Ya Mwisho Yafanywe Mapema

Kila Desemba, kaskazi ikishaanza kuvuma na shule zikishafungwa, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret hushuka Pwani. Miongoni mwao zimo ambazo watoto wao si watoto tena. Mkubwa ni mhasibu Nairobi, wa kati ameomba ruhusa kazini Doha, kitindamimba amekuja na mke na mtoto anayeanza kutambaa. Nyumba imekodiwa Diani au Watamu kwa juma moja, na wazazi wamepewa chumba kinachotazama bahari. Siku za mwanzo hupita bila mtu kuzihesabu. Kisha, jioni moja, mtu anauliza treni inaondoka saa ngapi, au nani atampeleka mwenzake uwanja wa ndege, na tangu hapo mazungumzo hubadilika. Maji yanajaa na kupwa kama jana, muuza madafu anapita saa ileile, lakini kila jambo limeshapewa jina la mwisho: kuoga baharini kwa mwisho, samaki wa mwisho, matembezi ya mwisho. Ndani ya siku hizo mbili tatu limo swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: je, jambo jema hupungua kwa sababu tunaujua mwisho wake? Na kama halipungui, siku za mwisho zinatudai nini?

Jibu langu ni kwamba kuujua mwisho ni neema, na kazi ya neema hiyo ni kutusukuma tuyatimize mapema yale ambayo mwisho unayadai, ili siku za mwisho zenyewe zibaki siku za kawaida. Shukrani, kuombana radhi, wosia, hesabu za gharama, mipango ya safari: yote hayo yana wakati wake, na wakati wake si asubuhi ya kuondoka. Anayeyaahirisha huzitwika siku za mwisho mzigo usio wake, kisha hushangaa kwa nini hazina raha. Anayeyatanguliza huweza kukaa na wanawe saa ya mwisho kama alivyokaa nao saa ya kwanza. Najua wapo watakaosema kwamba huko ni kuukimbia ukweli wa kuagana. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni kinyume chake.

Tuanze na kuuliza siku hizi ni za nani. Mtoto mdogo haji likizoni, huletwa. Mtu mzima huja kwa hiari yake, na hugharimika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi. Ile ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa siku 28 mfululizo. Kijana wa Nairobi anayekaa na wazazi wake ufukoni juma zima ametoa siku tano za kazi, karibu robo ya fungu lake la mwaka mzima, na mara nyingi ana wakwe wanaomngoja, shamba linalohitaji kuangaliwa, na mwili unaohitaji kupumzika pasipo mtu wa kumwita. Ni kweli kwamba dini zetu zinamwamuru mtoto awatendee wazazi wema. Qur'ani, katika sura ya 17, inaiweka amri hiyo mara tu baada ya amri ya kumwabudu Mungu peke yake, na inakataza hata neno dogo la kuwachoka wanapofikia uzee. Katika Biblia, kuwaheshimu baba na mama ni moja ya amri kumi. Lakini hakuna aya wala kifungu cha sheria kinachomtaka mtu mzima akae na wazazi wake ufukoni siku saba. Wajibu unaweza kutimizwa kwa kutuma pesa, kupiga simu, kulipia bima ya matibabu. Juma hili limezidi wajibu, ni hiba.

Hiba ina adabu yake, na mpokeaji anayeanza kuipima huigeuza kuwa deni. Hapo ndipo siku za mwisho huharibikia, kwa njia mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza ni kuondoka kabla ya kuondoka. Masanduku yanafungwa siku mbili kabla, kijana amekwisha kuanza kujibu barua pepe za ofisini, binti anaulizia foleni za Mariakani, na waliobaki mezani wamebaki kwa miili tu. Ya pili ni kuzikamua siku. Mama anataka kila mlo uwe karamu. Baba ameamua kwamba usiku wa leo ndio wa kuzungumzia ugawaji wa shamba, maana hajui watakutana lini tena. Picha ya familia inapigwa tena na tena mpaka wajukuu wanalia. Anayeondoka mapema na anayekamua wana mzizi mmoja: wote wawili wamezihesabu siku kama akiba inayokwisha. Mmoja ameona kilichobaki ni kidogo, hakuna haja ya kukigusa. Mwenzake ameona ni kidogo, basi lazima kikamuliwe mpaka tone la mwisho. Hesabu yenyewe hawajaichunguza.

Aristotle aliichunguza. Katika kitabu cha tisa cha Metafizikia alitofautisha matendo ya aina mbili. Yapo yanayoelekea kwenye kikomo na ambayo hayajakamilika mpaka yafike huko: anayejenga nyumba hana nyumba mpaka paa liezekwe, na akikatizwa kwenye msingi amebaki na msingi. Yapo mengine ambayo ukamilifu wake umo ndani yake tangu mwanzo: anayeona amekwisha kuona, anayefikiri amekwisha kufikiri, wala kuona hakungoji dakika inayofuata ndipo kuwe kuona. Katika kitabu cha kumi cha Maadili anasema raha ni ya aina hii ya pili, kitu kizima katika kila punde yake. Tofauti hii inatusaidia sana hapa. Chukua mama na binti wakipara changu karibu na mfereji nyuma ya nyumba. Mama ameshika samaki kwa mkia, binti anakwangua magamba kwa kisu butu kuelekea kichwani, maji yanayachukua hadi kwenye mchanga. Wanazungumza juu ya jirani aliyehama, bei ya nazi, mtoto anayekataa uji. Mazungumzo hayo si nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine itapatikana Jumapili. Yangekatizwa sasa hivi na mvua, yangekuwa yamekwisha kuwa kile yalichokuwa: mama na mwana pamoja. Kukaa pamoja kunaweza kuwa kwa muda mrefu au mfupi, lakini ufupi haukufanyi kuwe pungufu, kama vile kuona kwa mwenye kuona dakika moja kulivyo kuona kamili.

Hata hivyo tofauti hiyo haitoshi, kwa sababu yapo mambo katika familia ambayo kweli ni ya aina ya kwanza. Wosia ulioandikwa nusu si wosia. Radhi iliyokusudiwa lakini haikuombwa haijaombwa. Deni kati ya ndugu wawili halilipwi kwa kukaa karibu. Haya yana kikomo, na mwisho wa likizo unaweza kuyakatiza yakabaki msingi bila paa. Ndiyo maana nasema yatangulizwe. Kosa letu ni kuzichanganya aina hizi mbili: yenye kikomo tunayasogeza hadi siku ya mwisho, na yasiyo na kikomo, kama kupara samaki na kunywa chai, tunayaona ya kupitisha wakati tu. Ukiyapanga upya, hofu hupoteza kazi yake. Wanawake wa Pwani wanaokwenda mwambani kutafuta pweza wanalijua hili kwa vitendo. Wanajua kwa mwezi ni lini bamvua itayavuta maji mbali, wanajua kwamba saa ya kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, na kabla ya kukanyaga mwamba wameshajua watageuka saa ngapi. Kwa kuwa hesabu imefanywa nchi kavu, macho yao huwa kwenye tundu la pweza. Asiyejua maji yatarudi lini ndiye anayegeuka kila hatua kutazama nyuma.

Epictetus, aliyezaliwa mtumwa akawa mwalimu wa falsafa wa Kistoa, alishauri jambo lililo karibu na hili lakini akapita kiasi. Katika kitabu cha mwongozo chenye mafundisho yake anatoa mfano wa merikebu iliyotia nanga. Ukishuka pwani kuteka maji, anasema, waweza kuokota kombe njiani, lakini fikra zako ziwe kwenye chombo, ugeuke mara kwa mara usije ukaitwa na nahodha usisikie. Na ukipewa mke na mtoto badala ya kombe, hali ni hiyohiyo, nahodha akiita uwaache ukimbie. Mahali pengine anamshauri mzazi anapombusu mwanawe ajikumbushe kwamba anambusu kiumbe atakayekufa. Namheshimu Epictetus kwa kutotudanganya: nahodha ataita. Lakini kugeuka kila mara hakumweki mtu tayari. Katika mfano wake mwenyewe, kilichomshusha abiria ni maji. Aliyeteka maji kwanza na kuyafikisha chomboni ameitimiza kazi ya safari, na anaweza kuinama kuokota kombe kwa macho yote mawili. Aliyeanza na makombe huku mtungi ukiwa mtupu ndiye mwenye haki ya kuhangaika. Utayari ni kazi iliyokwisha kufanywa. Wasiwasi ni kazi isiyofanywa inayojikumbusha.

Dini zinazoishi Pwani zimeuelewa utayari kwa namna hii hii. Imepokewa katika mkusanyo wa Bukhari na wa Muslim kwamba Mtume alifundisha kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Mafundisho hayo hayamtaki mtu akeshe akiyawazia mauti. Yanamtaka aandike. Akishaandika, anaweza kulala. Vivyo hivyo kwa wanaokwenda Makka kuhiji: kabla ya safari hulipa madeni, huacha wosia, hupita kwa jamaa na majirani kutakana radhi, na hayo hufanywa siku nyingi kabla ya ndege kuruka, ili anayeaga aage akiwa mwepesi. Ushahidi mzuri zaidi katika lugha yetu ni wa Mwana Kupona binti Msham. Alitunga utendi wake mnamo 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia wosia binti yake Mwana Hashima, na tangu mwanzo anamwita binti aje akae karibu na wino na karatasi. Alifariki mnamo 1860. Watu hulisoma shairi lile kama neno la mtu aliye mlangoni, lakini kati ya kuandika na kufa palikuwa na muda. Aliusema wosia wakati bado angeweza kuulizwa maana yake, na baada ya kuusema hakuwa tena na haja ya kuigeuza kila siku iliyosalia kuwa wosia.

Ukristo nao una kisa cha familia iliyokaa pwani ikingoja chombo, na watoto wake walikuwa watu wazima. Mwaka 387, Augustino alikuwa Ostia, kwenye mlango wa mto Tiber, pamoja na mama yake Monika, ndugu yake Navigius na mwanawe Adeodatus, wakipumzika baada ya safari ndefu kabla ya kupanda meli ya kurudi Afrika. Augustino alikuwa katika mwaka wake wa 33 wa maisha, Monika wa 56. Katika kitabu chake Maungamo anasimulia kwamba siku moja yeye na mama walisimama wawili tu, wameegemea dirisha linalotazama bustani ya ndani ya nyumba, wakazungumza juu ya uzima wa watakatifu mpaka mawazo yao yakapanda juu ya viumbe vyote. Baada ya siku tano hivi Monika aliingiwa na homa, na siku ya tisa ya ugonjwa wake akafa. Wengi huyakumbuka mazungumzo yale kama maagano, lakini tukisoma kwa makini tunaona kwamba hawakujua. Hawakuwa wamekaa ili waagane. Walikuwa watu wanaongoja meli. Kilichowawezesha kuzungumza kwa uhuru ule ni kwamba jambo zito kati yao lilikuwa limekwisha. Kwa miaka mingi mama alilia kwa ajili ya mwana. Pasaka ya mwaka uleule, huko Milan, mwana alibatizwa kwa mkono wa Askofu Ambrosi. Lau ubatizo ungekuwa bado, dirisha lile lingekuwa mahali pa kubembelezana, na kila neno la mama lingebeba hofu ya kwamba wakati umekwisha.

Kisa hicho kina jambo lingine lililo muhimu kwa wazazi wa leo. Monika kwa muda mrefu alitamani azikwe kando ya mumewe kule Thagaste, na alikuwa ameshajitayarishia kaburi. Alipokuwa amelala mgonjwa, Navigius alionyesha kusikitika kwamba mama anafia ugenini. Monika alimkemea kwa macho, akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke madhabahuni pa Bwana popote watakapokuwa. Aliachilia dai lake kubwa la mwisho, na kwa kuliachilia aliwapa wanawe uhuru: hawakulazimika kuusafirisha mwili kuvuka bahari wala kuishi na hatia ya kushindwa. Mzazi anayezipokea siku za mwisho za likizo bila kuzidai zaidi anafanya jambo la jinsi hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Anamwambia mwanawe, kwa vitendo, kwamba alichotoa kimetosha.

Pingamizi la kwanza linatoka ndani ya dini yenyewe. Je, hatujafundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa mwisho wake? Je, hatuombi kila siku tujaliwe mwisho mwema? Na kumi la mwisho la Ramadhani, Mtume hakulitenga kwa ibada kuliko siku zilizotangulia? Ni kweli yote hayo, na sitaki kuyapunguza. Lakini tuangalie nani huweza kulisimamisha kumi la mwisho. Ni yule ambaye siku 20 za kwanza zimemzoesha kuamka, kupunguza maneno, kusimama. Aliyelala mwezi mzima kisha akaamka usiku wa 27 akitafuta thawabu ya mwezi kwa mkupuo hupata kwa rehema ya Mungu, wala si kwa utaratibu wa mafunzo. Na mafundisho hayohayo yanasema kwamba amali inayopendwa zaidi na Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Mwisho mwema, basi, ni mazoea mema yaliyofika mwisho. Hautengenezwi siku ya mwisho na hauombwi badala ya siku zilizotangulia. Familia iliyozoea kukaa kimya pamoja, kusaidiana jikoni na kucheka bila kuumizana itafika siku ya saba na yaleyale, na hayo ndiyo yatakayokuwa khatima yake. Familia isiyozoea haitayapata kwa chakula kimoja cha kifahari.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanasayansi wa nafsi. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo ndani yake watu waliingiza mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Na katika zamu nyingine waliuingiza kwa sekunde 60 zilezile, kisha wakauacha humo sekunde 30 zaidi wakati maji yakipashwa moto polepole hadi nyuzi 15, baridi ambayo bado inauma. Walipoulizwa wangependa kurudia zamu ipi, wengi walichagua ile ndefu. Kumbukumbu yao ilishika kilele cha maumivu na mwisho wake, ikausahau urefu. Mtu anaweza kusema: kama ndivyo tulivyoumbwa, basi tupange siku ya mwisho iwe bora kuliko zote, maana ndiyo itakayokumbukwa. Lakini jaribio hilo linatoa ushahidi dhidi ya ushauri huo. Kumbukumbu iliwapotosha wale watu wakachagua maumivu mengi zaidi. Hakimu anayekosea waziwazi namna hiyo hastahili kupewa mamlaka juu ya siku ambazo bado tunaziishi. Anayepanga kila saa kwa ajili ya kuja kuikumbuka ameziacha saa zenyewe bila mwenyewe. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Fundisho moja la jaribio hilo nalikubali kwa moyo wote: mwisho mchungu hutia doa refu. Ugomvi wa asubuhi ya kuondoka, juu ya nani amelipa nini au nani amechelewesha gari, unaweza kulifunika juma zima. Lakini tiba yake ni ileile ninayoitetea. Gharama zihesabiwe na kulipwa siku ya nne, gari liagizwe siku ya tano, na asubuhi ya mwisho isibaki na jambo la kugombewa.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Familia nyingi zina donda. Ndugu wawili hawajazungumza vizuri tangu hospitali ya baba ilipolipiwa na mmoja. Binti ameolewa nje ya dini ya wazazi. Kijana alisomeshwa kwa shamba lililouzwa na hajawahi kuambiwa ni nani aliyelilia. Katika nyumba kama hiyo, kusema siku za mwisho ziwe za kawaida kunaweza kuwa jina zuri la kukwepa. Nakiri hatari hiyo ipo, na kwa sababu hiyo hiyo nasema mazungumzo magumu yasingoje usiku wa mwisho. Neno la kupatanisha linahitaji siku za kufuatia, siku ambazo watu watakula tena meza moja na kugundua kwamba wanaweza. Likisemwa usiku wa mwisho, kila mmoja huondoka na donda likiwa wazi, na hulitibu peke yake garini. Injili ya Yohana, katika sura ya 21, inatuonyesha mpangilio wenye hekima. Petro alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu, na hawakuwa wamelizungumza. Yesu mfufuka anawangoja wanafunzi ufukoni kwenye Bahari ya Tiberia, na moto wa makaa, samaki na mkate. Anawaalika wale kwanza. Baada ya kula ndipo anamuuliza Petro, mara tatu, kama anampenda. Na kila jibu analifuatisha kwa kazi, kazi ya miaka mingi, ya kuwachunga kondoo. Chakula kimetangulia, swali ni fupi, hakuna hotuba ya kuhesabu makosa, na baada ya swali maisha yanaendelea. Na kama usiku wa mwisho umefika na neno halijasemwa, basi lisemwe kwa ufupi: mtu aombe radhi kwa kosa lake mwenyewe, asidai kuombwa, asisubiri jibu hapohapo. Kuomba radhi kunaweza kukamilika usiku mmoja. Kusamehe mara nyingi huhitaji muda zaidi, na mwenye kuombwa aachiwe muda huo.

Wapo pia watakaosema kwamba hili ni tatizo la wenye nacho. Kwa familia nyingi za Kwale, Kilifi, Tanga au Pemba, bahari ni mahali pa kazi, na watoto wakubwa hukutana na wazazi kwenye Idi, Krismasi, arusi au matanga. Ni kweli, lakini hoja yangu haisimami juu ya ufuko wala nyumba ya kukodi. Inasimama juu ya mambo mawili: watoto waliokomaa, na ukaaji wenye tarehe ya kwisha. Binti anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, akirudi Kinango baada ya mkataba wa miaka miwili na kukaa kwa mama yake mwezi mmoja, ana siku za mwisho kali kuliko za mhasibu wa Nairobi. Tarehe ya kuondoka ameamuliwa na wengine, na ya kurudi haijui. Kwake ni muhimu zaidi kwamba mambo ya pesa aliyotuma, ya karo ya watoto wake, ya nani atakayemwangalia mama akiugua, yazungumzwe juma la kwanza, wala si usiku ule ambao ndugu wote wamejaa sebuleni na begi liko mlangoni. Ukaaji ukiwa adimu zaidi, ndivyo haja inavyozidi ya kuuepusha na mzigo wa mambo yaliyoahirishwa.

Linabaki swali ambalo kila mzazi mwenye umri hulibeba hata asipolisema: je, kama hii ndiyo kweli ya mwisho? Mara nyingine huwa ndiyo, na hakuna falsafa inayofuta uchungu huo. Mtu anayelia kwenye uwanja wa ndege wa Moi baada ya kumwona mwanawe akipita ukaguzi hajakosea hesabu yoyote. Upendo unaumia kwa sababu ni upendo, na siku iliyo kamili inaweza kuliliwa ikishapita. Ninachokataa ni kuyatanguliza machozi hayo ili yazitawale siku ambazo mwana bado yupo mezani. Monika hakujua na Augustino hakujua, na sisi kwa kawaida hatujui. Kama hatujui, hatuwezi kuwa na siku moja maalumu ya kufanya yanayopasa. Njia ya busara ni kuwa tumeyafanya kila mara tunapopata nafasi, na kuendelea kuishi. Baba aandike wosia wake nyumbani, kabla ya likizo, awaambie wanawe ulipo. Mama aseme shukrani yake siku ya pili, kwa maneno machache, asiirudie mpaka igeuke dai. Watoto nao waifunge ofisi kweli, maana hiba waliyotoa itapungua kwa mkono wao wenyewe wakiirudisha nusu kwenye simu. Hayo yakishafanywa, siku ya sita na ya saba hazina kazi yoyote maalumu ya kutimiza. Thamani yake ni watu waliomo, na watu hao wapo wazima mpaka gari linapoondoka.